Kinyozi Hajinyoi

Somo: Kutoka 18:13–27



Somo letu la juma hili linatupeleka jangwani, karibu na mlima wa Mungu. Musa ameketi kuamua mashauri, na watu wamemzunguka tangu asubuhi hadi jioni. Yethro, baba mkwe wake, yupo hapo. Amewasili kutoka Midiani pamoja na Sipora na wale wajukuu wawili. Jana yake walipokutana walisalimiana kwa heshima, wakajuliana hali, wakaingia hemani. Mzee akasikiliza habari zote za Misri na za njiani, akafurahi, akamtukuza Mungu. Leo yuko kimya. Anamwangalia mkwewe akifanya kazi. Anapokwisha kuona vya kutosha ndipo anauliza: ni kitu gani hiki unachowafanyia watu, na mbona umeketi peke yako? Musa anajieleza. Mzee anamsikiliza, kisha anamwambia wazi kwamba njia hiyo si njema, kwa kuwa itamchosha yeye, na itawachosha watu pia.

Tumezoea kulihubiri somo hili tunapochagua wazee wa kanisa, ili kuonyesha faida ya kugawana kazi. Juma hili naomba tulitumie kutafakari jambo lingine. Vijana wetu wengi sasa wanasomea saikolojia na ushauri nasaha. Kenya ilitunga sheria inayowahusu washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Katika sharika zetu pia wako walioandaliwa kuwasikiliza wafiwa, wanandoa waliokwaruzana, na vijana waliokata tamaa. Basi mtu anayeandaliwa kutibu majeraha ya nafsi kwa mazungumzo anahitaji kupewa nini kuliko vyote?

Anahitaji kujua mengi. Ajue dalili za sonona na za kiwewe, ajue wakati wa kumpeleka mgonjwa kwa daktari, ajue njia za tiba zilizokwisha kupimwa na kuonekana zinafaa. Sidharau hata moja. Lakini la kwanza, na ndilo linalosahaulika upesi bajeti inapokuwa ndogo, ni kwamba asiachwe afanye kazi hii peke yake pasipo wa kumwangalia. Awe na Yethro wake: mtu anayeijua kazi, anayeona anavyoifanya, anayemuuliza, anayemsahihisha. Na malezi yamfikishe mahali ambapo hata siku atakapokuwa mkongwe, yeye mwenyewe atamtafuta mtu wa namna hiyo bila kulazimishwa.

Wazee wetu walisema kinyozi hajinyoi. Katika kazi ya kutibu nafsi, methali hii imethibitishwa kwa hesabu.

Mwaka 2005, Corinne Hannan, Michael Lambert na wenzao huko Marekani walichapisha utafiti uliohusu wateja 550. Watibabu waliombwa kutaja ni nani kati ya watu wanaowahudumia angemaliza tiba akiwa na hali mbaya kuliko alivyoanza. Walitaja watatu. Mwisho wa tiba, walioharibikiwa walikuwa 40. Katika wale watatu waliotajwa, ni mmoja tu aliyekuwamo kweli katika hao 40. Watibabu hao walikuwa wameketi na watu hao ana kwa ana, wakawasikiliza na kuwatakia mema, lakini hawakuona kuwa wanazama.

Je, uzoefu wa miaka hauponyi upofu huo? Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2016 na Simon Goldberg na wenzake, uliwafuatilia watibabu 170 na wagonjwa zaidi ya 6,500 kwa miaka kadhaa. Kwa wastani, watibabu hawakuwa bora zaidi kadiri miaka ilivyopita. Kwa wengi matokeo yalishuka, ingawa kidogo sana. Habari hii ituguse hata sisi wachungaji, tunaopenda kuhesabu miaka yetu ya utumishi kana kwamba miaka yenyewe ni mwalimu. Mtu anaweza kurudia kosa lilelile kwa miaka ishirini, na kila mwaka akazidi kulifanya kwa ufasaha.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu moja ni kwamba anayeteseka mara nyingi ana adabu. Tena kwetu adabu hiyo ni kubwa zaidi. Mama aliyekuja kuzungumza nawe hawezi kukuambia usoni, "Mchungaji, hujanisaidia." Atakushukuru. Atasema amefarijika. Ataomba umwombee, ataaga, na hatarudi. Nawe utamtaja katika moyo wako kama mtu aliyepona. Hakuna kitu katika chumba kile cha mazungumzo kitakachokuambia ukweli: mlango umefungwa, mko wawili tu, na mmoja wenu anaogopa kukuvunjia heshima. Ndiyo maana lazima awepo wa tatu, baadaye, atakayeipitia kazi yako pamoja nawe.

Kanisa lilipaswa kulijua hili mapema, na kwa neema ya Mungu liko tawi lake lililolijua. Mwaka 1920 mtumishi mmoja wa Injili huko Marekani, Anton Boisen, alishikwa na ugonjwa mkali wa akili akalazwa hospitalini. Aliyoyapitia wodini yalimwonyesha kwamba wachungaji walikuwa wakiandaliwa kwa vitabu vingi bila kufundishwa kumsikiliza mtu aliyevunjika. Mwaka 1924 akawa kasisi wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, Massachusetts, na majira ya joto ya mwaka 1925 akawapokea wanafunzi wachache wa theolojia. Aliwaweka wodini, wakawahudumia wagonjwa kama wahudumu wa kawaida, kisha wakakaa pamoja kutafakari walichokiona na kukisikia. Alitaka wajifunze kuyasoma maisha ya wanadamu walio hai kama walivyosoma vitabu.

Baada yake Russell Dicks, kasisi wa hospitali huko Boston, akishirikiana na daktari Richard Cabot, aliendeleza zoezi lililobaki hadi leo. Mwanafunzi akitoka kumwona mgonjwa huandika mazungumzo yao neno kwa neno, kadiri anavyokumbuka: yeye alisema hivi, nami nikasema hivi. Kisha huyasoma mbele ya mlezi wake na wanafunzi wenzake. Mafunzo ya kichungaji ya aina hiyo yamekuwa yakitolewa pia katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Tuchukue mfano tuone zoezi hili linavyofanya kazi. Kijana anayesomea uchungaji anamtembelea mjane wodini. Anarudi na karatasi yake. Mama alisema, "Tangu baba watoto aondoke, usiku silali." Kijana akajibu, "Pole mama. Mungu atakutia nguvu." Mama akasema, "Amina, mwanangu." Kijana akasoma Zaburi, akaomba, akaondoka. Anaposoma karatasi yake anaona amefanya yote aliyofundishwa, na kweli hakuna neno baya alilolisema.

Mlezi wake hamkemei. Anamuuliza: "Mama aliposema halali usiku, wewe ulisikia nini ndani yako?" Kijana anafikiri. Anakumbuka kwamba tumbo lilimkaza, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa vilevile baba alipofariki. Mlezi anauliza tena: "Uliposema Mungu atamtia nguvu, nani alipata nafuu pale, ni yeye au ni wewe?" Hapo kijana ananyamaza. Anaona, bila kuambiwa, kwamba alilitumia jina la Mungu kufunga mlango ambao mama ndiyo kwanza ameufungua. Na ile "amina" aliyoichukua kuwa ni imani ilikuwa adabu ya mama aliyemhurumia kijana wa watu.

Juma linalofuata atakwenda kwa mgonjwa mwingine. Atakaposikia maneno mazito, tumbo litakaza vilevile. Lakini safari hii atalitambua, atavuta pumzi, atasema, "Usiku huwa unawaza nini, mama?" Kisha atanyamaza, naye mama atasema. Maombi yatakuja baadaye, nayo yatakuwa maombi yanayojua yanaomba nini. Mabadiliko hayo yasingeletwa na mhadhara. Angeweza kusoma sura nzima juu ya kuwasikiliza wafiwa, akafaulu mtihani, akatoka darasani na jibu lilelile mdomoni.

Wanasaikolojia nao walifika hapo kwa njia yao. Carl Rogers, ambaye alianza masomo ya theolojia katika seminari ya Union, New York, kabla ya kuhamia saikolojia, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi mazungumzo ya tiba kwenye santuri ili yaweze kusikilizwa upya. Kitabu chake cha mwaka 1942 kilichapisha mazungumzo yote ya mgonjwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, aliyoyasema mgonjwa na aliyoyasema mtibabu. Jambo ambalo hadi wakati huo lilijulikana kwa masimulizi ya mtibabu mwenyewe liliwekwa hadharani. Mwaka 1957 Rogers akaeleza masharti ambayo aliyaona ni ya lazima ili mtu abadilike, na matatu kati ya hayo yanamhusu mtibabu: awe mkweli nafsini mwake, amkubali mgonjwa bila kumwekea masharti, na ayaone mambo kama mgonjwa anavyoyaona, kisha mgonjwa naye atambue kwamba anakubaliwa na kueleweka.

Sentensi hiyo mwanafunzi huikariri kwa dakika tano. Lakini kama anamkubali kweli binti aliyetoa mimba, au baba aliyempiga mkewe, hilo halionekani kwenye karatasi ya mtihani. Linasikika katika sauti yake, katika swali alilolirukia haraka, katika ukimya alioshindwa kuuvumilia. Lazima awepo mtu wa kulisikia hilo na kumwonyesha.

Hapa tunafika kwenye moyo wa mwanafunzi mwenyewe, na hapa Musa anatufundisha zaidi ya Yethro. Fikirini aliyekuwa akisahihishwa ni nani. Ni mtu aliyeitwa na Mungu kutoka katika kijiti kilichowaka moto, aliyesimama mbele ya Farao, aliyewavusha watu baharini. Anayemsahihisha ni kuhani wa Midiani, ambaye si Mwisraeli. Musa angeweza kumjibu mzee kwamba kazi hii alipewa na Bwana. Maandiko yanasema alimsikiliza, akayafanya yote aliyoambiwa. Utayari huo wa kuangaliwa na kurekebishwa ndio ningeutazama kwanza kwa kijana anayeomba kujiunga na mafunzo haya. Alama nzuri zinafaa, na ukarimu wa moyo unafaa, lakini mtu asiyevumilia kuonyeshwa kosa lake ni hatari kwa waliojeruhiwa, hata kama ana akili na anazungumza vizuri.

Tusichanganye utayari huo na kujidharau. Helene Nissen-Lie wa Norwei na wenzake walichunguza watibabu na wagonjwa wao, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017 waliona kwamba wagonjwa walinufaika zaidi kwa watibabu waliounganisha mambo mawili: walitilia shaka utendaji wao kikazi, na wakati huohuo walijitendea wema kama watu. Mwenye shaka bila wema huo hujitesa, akaanza kuficha kazi yake. Anayejipenda bila shaka yoyote juu ya kazi yake hajifunzi tena. Mkristo anayejua amesamehewa ana sababu ya kuwa na yote mawili. Kama thamani yangu kwa Mungu haitegemei jinsi mazungumzo ya leo yalivyokwenda, basi naweza kuyaleta mbele ya mwenzangu jinsi yalivyokuwa, pamoja na pale nilipokosea.

Mlezi naye ana masharti yake, na Yethro aliyatimiza. Kabla ya kugusa kosa alifurahia mema aliyoyafanya Mungu kupitia kwa Musa. Aliuliza kabla ya kuhukumu. Alitaja sababu ya hofu yake, na sababu hiyo ilikuwa upendo: alimwonea huruma Musa na akawaonea huruma watu. Mlezi anayewadhalilisha wanafunzi mbele ya wenzao hawafundishi kitu isipokuwa kuficha. Watamletea kazi iliyopambwa, huku kwa wagonjwa mambo yakiendelea kuharibika.

Wengine watasema hayo ni ya nchi tajiri. Kwetu tushukuru tukipata washauri wawili kwa wilaya nzima. Nawaomba mtazame Kivu Kusini, mashariki ya Kongo, mahali palipokuwa na vita na uhaba wa kila kitu. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha matokeo ya tiba ya vikundi kwa wanawake waliotendewa ukatili wa kingono. Wanawake zaidi ya 400 kutoka vijiji mbalimbali walihusika: vijiji vingine vilipata tiba hiyo, vingine vilipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Waliowahudumia walikuwa wasaidizi wa kijamii, wanawake wa hukohuko Kongo, waliosoma miaka michache baada ya shule ya msingi. Walipewa mafunzo ya takriban wiki mbili. Kwa kuwa wengi wa wagonjwa hawakujua kusoma, mazoezi ya tiba yalirahisishwa ili yashikwe kichwani bila karatasi. Miezi sita baada ya tiba, katika vijiji vilivyopata msaada wa mtu mmoja mmoja, takriban asilimia 42 ya wanawake bado walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Katika vijiji vya tiba ya vikundi, ni takriban asilimia 9.

Wiki mbili ni muda mfupi mno kumwandaa mtu kwa mizigo kama hiyo. Lakini wasaidizi wale hawakuachwa walipotoka darasani. Wasimamizi Wakongo walizungumza nao kila juma, kwa simu au ana kwa ana, na wasimamizi hao nao walikuwa na wataalamu waliowaangalia. Sidai kwamba usimamizi peke yake ndio uliowaponya akina mama wale. Njia ya tiba yenyewe ilikuwa nzuri na imepimwa. Ninalosema ni kwamba waliopanga kazi ile, wakijua uchache wa elimu na ukubwa wa maumivu, hawakuthubutu kumwacha msaidizi hata mmoja peke yake. Kama Kivu iliyojeruhiwa iliweza kumpatia kila msikilizaji mtu wa kumsikiliza, sharika zetu zenye amani, simu na barabara zina udhuru gani?

Wapendwa, tufanye nini basi?

Wazazi na walezi wa vijana wanaotaka kusomea kazi hii: mnapotafuta chuo, ulizeni zaidi ya ada na cheti. Ulizeni ni nani atakayemwangalia mtoto wenu akifanya kazi na watu halisi, mara ngapi kwa mwezi, na kwa njia gani. Chuo kisichoweza kujibu swali hilo kitawapa shahada, lakini wagonjwa wa kijana wenu ndio watakaolipa gharama ya kilichokosekana.

Sharika zenye washauri wa ndoa, wa vijana na wa wafiwa: mkishamaliza ile semina ya siku tatu na kugawa vyeti, kazi ndiyo kwanza imeanza. Wakutanisheni washauri wenu kila baada ya majuma mawili, chini ya mtaalamu hata kama inabidi dayosisi nzima imchangie mmoja. Mjumbe wa kamati ya fedha akiuliza kikao hicho kinazalisha nini, mwambieni kinawalinda watu wanaotuletea mambo ambayo hawajawahi kumwambia mwingine yeyote.

Jambo moja lazima lichungwe kwa ukali. Kuleta kazi mbele ya mlezi si kutoa siri. Mwenye shida aelezwe tangu mwanzo kwamba mshauri wake ana mlezi, aridhie, na jina lake na kila kinachoweza kumtambulisha kifichwe. Tunajua jinsi siri za watu zinavyoweza kuvuja kwa kisingizio cha kuombeana: "Tumwombee dada fulani, ana shida katika ndoa." Anayefanya hivyo hastahili kuaminiwa tena na mzigo wa mtu, hata awe na cheo gani. Yethro alipomwelekeza Musa achague watu, alitaja wenye uwezo, wanaomcha Mungu, waaminifu, wanaochukia mapato ya udhalimu. Siri ya mtu nayo ni mali yake. Anayeitumia ili aonekane anajua mengi amekula mapato ya udhalimu.

Na ninyi mnaowasikiliza wengine kila siku, walimu, wauguzi, watawa, wake na waume wa wachungaji, wazee wa kanisa: juma hili mtafuteni mtu mmoja mnayemwamini, anayeijua kazi, mkamwambie, "Naomba uisikilize kazi yangu." Msingoje hadi mchoke. Yethro alipozungumza, Musa alikuwa bado na nguvu za kuketi tangu asubuhi hadi jioni. Mzee aliona uchovu unaokuja kabla mwenyewe hajauhisi. Mkifanya hivyo hamtapungukiwa na heshima. Mtakuwa mmewatendea haki wale wanaotoka kwenu wakisema "asante" na ambao hamjui kama kweli wamesaidika.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyempa Musa mzee wa kumwangalia na moyo wa kumsikiliza, tunawaleta kwako wote wanaojifunza kutibu nafsi za watu. Wape walimu wanaojua kuuliza kabla ya kuhukumu. Waondolee hofu ya kuonekana walivyo. Uwaangalie kwa rehema waliokuja kwetu na majeraha, nasi tukayafunga upesi kwa sababu hatukuweza kuyatazama; uwapeleke kwa mikono iliyo bora. Na sisi utufundishe kukaa chini ya jicho lako na la ndugu zetu bila kujificha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.